Tyubu, Choki na Hesabu za Sebuleni

Katika nyumba nyingi za Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Nyegezi, taa ya tyubu ina tabia tatu zinazostahili uchunguzi wa kina: huwaka baada ya kutafakari, hukoroma ikishawaka, na hushikwa na kwikwi siku ambayo wakwe wamefika. Kwikwi hiyo hutokana na muundo wake, kwa kuwa mrija una mvuke wa zebaki usiopitisha umeme mpaka ushtuliwe na stata, yaani kikopo kidogo cha kuwashia, huku choki, ambayo ni koili inayozuia umeme usipite kwa wingi mno, ikisimamia mkoromo. Ndiyo maana kila kaya ina mtaalamu wake, kwa kawaida kijana aliyewazidi wenzake kimo, ambaye hupanda stuli na kuzungusha stata hadi taa iwake au stuli ianguke.

Je, inafaa kuingia gharama ya taa ya LED, ambayo mwanga wake hutoka katika nusukipitishi, yaani kitu kinachopitisha umeme kwa masharti? Tyubu ya futi 4 hutumia wati 36, na choki yake hula takriban wati 9 nyingine bila kumwangazia mtu yeyote, ilhali LED ya kuchukua nafasi yake hutumia wati 18. Kwa saa 5 kila usiku, tofauti hiyo hufikia uniti 49, yaani kilowati-saa 49, kwa mwaka. Kwa bei ya TANESCO, shirika la umeme, ya shilingi 292 kwa uniti katika daraja la T1, la matumizi ya kawaida, kabla ya kodi na tozo, hizo ni kama shilingi 14,400, kwa hiyo taa iliyonunuliwa kwa shilingi 10,000 hujilipa kabla mwaka haujaisha. Mteja wa daraja la D1, la matumizi madogo ya nyumbani, anayelipa shilingi 100 kwa uniti, atangoja takriban miaka 2, isipokuwa akiwa na mazoea ya kuvuka uniti 75 kwa mwezi, ambapo kila uniti ya ziada hutozwa shilingi 350. Lakini gharama hiyo kwa taa ya stoo, inayowashwa dakika chache za kumsaka panya, haina utetezi wowote wa kihesabu.

Kinyume chake, wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria, ambao kwa miongo mingi waliwavuta dagaa kwa karabai za mafuta ya taa katika usiku wa giza, wengi wao wamehamia LED za betri bila mjadala mrefu, kwa sababu taa zao hukesha.

Nyumbani, hasara huanza siku ya kuifunga LED. Baadhi ya LED huvumilia choki ya zamani, ambayo huendelea kula umeme kidogo kama mstaafu anayekuja ofisini kunywa chai. Nyingine hutaka choki itolewe, na hapo fundi hutangaza, "Mzee, sasa inakula moja kwa moja," kisha huondoka bila kuandika lolote juu ya fremu. LED hiyo ikifa, mtaalamu wa stuli hupachika tyubu kuukuu aliyoitunza stoo, umeme huweza kupita pasipo kizuizi, na nyumba nzima ikaingia gizani kwa kishindo.

Mjadala wenyewe unakaribia kufungwa na wengine, kwani nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, unaodhibiti zebaki, zilikubaliana Geneva mwaka 2023 kukomesha utengenezaji na biashara ya tyubu hizo ifikapo mwisho wa 2027.

Kinachobaki kujadiliwa ni swichi. Kwa kuwa LED "haili umeme", wanakaya hawaoni sababu ya kuizima, na usiku wa Mwanza, mji ulio karibu na Ikweta, una takriban saa 12: taa ya wati 18 ikikesha hutumia wati-saa 216, dhidi ya 225 za tyubu iliyozimwa baada ya saa 5. Kaya hiyo imeokoa wati-saa 9, na kuwaalika wadudu wote wa ziwani walale sebuleni.