Mwongozo wa Kugeuza Mti na Kupata Kazi

Ukitaka kuajiriwa kuandika programu, anza kwa kujifunza kugeuza mti wa bainari, yaani data iliyopangwa kwa matawi yasiyozidi mawili kila yanapogawanyika: kila tawi la kushoto lihamie kulia, na la kulia lihamie kushoto. Rudia mpaka uweze kuugeuza umesimama mbele ya ubao, bila kompyuta, mtu usiyemjua akiukodolea macho mkono wako. Usilidharau zoezi hili. Max Howell ndiye mtunzi wa Homebrew, programu ambayo watengenezaji wengi wenye kompyuta za Mac huitegemea kusakinisha zana zao. Mwaka 2015 alieleza hadharani kwamba Google walimkataa kwa kuwa hakuweza kugeuza mti huo ubaoni.

Kisha jizoeze kutazamwa. Mwite shemeji yako aketi nyuma yako na daftari, akohoe kila unapofuta mstari. Zoezi hili lina msingi: mwaka 2020 watafiti wa North Carolina State University na Microsoft waligundua kwamba kule kutazamwa tu na msaili kulishusha ufanisi wa watahiniwa kwa zaidi ya nusu, wakilinganishwa na waliolijibu swali peke yao chumbani.

Kariri pia utafutaji wa bainari. Jumlisha namba ya nafasi ya mwanzo wa orodha na ya mwisho wake, gawa kwa mbili, angalia katikati. Orodha ya ubaoni ina namba saba, na msaili atatikisa kichwa kwa kuridhika. Kazini orodha hukua. Mwaka 2006 Joshua Bloch, aliyeandika utafutaji huo katika maktaba ya Java, alieleza kwamba hitilafu ilikuwa imejificha humo kwa takriban miaka 9: orodha ikiwa kubwa mno, jumla ile huvuka 2,147,483,647, ikapinduka kuwa namba hasi, na programu ikaanguka. Ubaoni lile lingekuwa jibu sahihi kabisa.

Sasa umeajiriwa, na Jumatatu imefika. Mti hauulizwi tena. Kupanga orodha ni neno moja tu. Ukitumia lugha ya Python, Tim Peters alikwisha kukufanyia kazi hiyo mwaka 2002.

Unachopewa ni malalamiko: wateja kadhaa wa Nairobi hawawezi kulipa kwa simu. Hakuna anayejua ni wateja gani hasa. Fungua msimbo ulioandikwa na mtu aliyeacha kazi zamani bila kuacha maelezo, usome faili baada ya faili, mpaka uufikie mstari unaodai kila namba ya simu ianze na 07. Ulipoandikwa ulikuwa sahihi. Tangu 2019 Kenya ina namba zinazoanza na 01, na wenye namba hizo wanafungiwa mlango. Kurekebisha ni dakika moja. Kuufikia mstari huo kumekula siku nzima, na hiyo siku ndiyo uhandisi wenyewe.

Kesho yake mama mwenye duka analalamika kuwa malipo yake moja yameandikwa mara mbili. Mfumo wa malipo ulituma taarifa, mtandao ukakatika kabla seva yako haijajibu, nao mfumo ukatuma tena. Dawa yake ni kuangalia namba ya muamala kabla ya kuandika chochote: ikiwa imeshapokelewa, jibu tu kwamba imefika. Lakini anayeifikiria mapema dawa hiyo ni yule anayejua kwamba mtandao hukatika, na anayejali kwamba fedha ile ni ya unga wa watoto wa mtu. Mtu huyo ndiye wa kuajiriwa, na ubao haumwoni.

Basi nanyi mnaoajiri, mwongozo wenu ni mfupi. Mpeni mwombaji programu ndogo yenye hitilafu ya kweli, kompyuta, intaneti na muda wa kutosha. Mwacheni aisome kwa utulivu, kisha aketi nanyi awaeleze alichokiona. Mwambieni kuna mteja amelalamika, mkasikilize ataanza kwa kumuuliza nini. Na kama kazi yenu kweli ni kugeuza miti, mwambieni mapema ajiandae.