Kesi ya Kamba ya Kuanikia

Mafua yalikuwa ya tatu tangu mvua zianze. Nikaenda zahanati kutafuta dawa ya pua. Nesi akaamua kunipima presha. Akaitazama mashine, akanitazama mimi, akairudia mashine kana kwamba mmoja wetu anadanganya.

"Unafanya kazi gani, baba?"

"Mhasibu."

"Kumbe. Unashinda umekaa." Akanieleza kwamba mtu mzima anahitaji walau dakika 150 kwa wiki za kuuchangamsha mwili, hata kwa kutembea tu, ila mwendo uwe ule ambao unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Utasaidia presha, na kinga nayo haipendi mwili uliolala.

Kosa langu ni kwamba sikusikia "kutembea". Nilisikia "mazoezi". Na kwa mwanamume wa miaka 46 aliyewahi kuvaa jezi namba tisa ya timu ya shule, kutembea si mazoezi. Kutembea ni kukosa nauli.

Jumapili, saa kumi na moja alfajiri, nilitoka uani kuruka kamba. Kamba ya kurukia sikuwa nayo, ila palikuwa na ya manila, imara, imefungwa kutoka kwenye mwembe hadi nguzo ya banda la kuku. Nikaifungua, nikaikata kimo changu kwa kisu cha jikoni. Mruko wa kwanza ulikuwa mzuri. Wa pili ulikubalika. Wa tatu kamba ilipita kwenye kichanja cha vyombo ikashuka na sufuria mbili, mfuniko na mwiko. Kuku wakapiga kelele. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Lushoto, akafungua dirisha akapiga kelele zaidi: "Mwizi!"

Vijana wa ulinzi shirikishi walifika kabla sijavaa kandambili. Nikajitambulisha huku nimeshika kamba mkononi, mbele ya banda lililo wazi, jambo ambalo halimsaidii hata kidogo mtu anayeshukiwa kuiba kuku.

Nikadhani hayo ndiyo maafa. Kumbe maafa yalikuwa bado kwenye beseni. Saa nne mama watoto alimaliza kufua, akatoka na nguo zake. Akautazama mwembe. Akaitazama nguzo. Mwisho akanitazama mimi.

"Baba, kamba iko wapi?"

Kilichobaki hakikufika nusu ya safari. Nguo zikaanikwa juu ya michongoma ya uzio, pamoja na sare pekee ya kitinda mimba wetu. Mbuzi wa jirani alianzia kwenye kola. Tulipomfumania alikuwa amefika kifungo cha tatu, na sketi ilikuwa inasubiri zamu yake bila mkanda.

Jirani alikuja kuomba radhi, lakini akamtetea mbuzi wake: "Yeye alikuta kitu juu ya majani, akajua ni kachumbari." Kesi ikasikilizwa sebuleni, hakimu akiwa mama mkwe. Hukumu ilikuwa fupi: mbuzi hana hatia. Mimi nitalipa sare. Nitamsindikiza mtoto shuleni kwa miguu kila asubuhi nikamweleze mwalimu mwenyewe, na adhabu itaendelea mpaka fundi cherehani amalize kazi.

"Na bodaboda, mama?"

"Hela ya bodaboda ndiyo itakayomlipa fundi."

Jumatatu tukaupanda mlima. Mtoto wa miaka minane huzungumza bila kituo, nami nilimjibu kadiri nilivyoweza. Katikati ya mlima akasema, "Baba, imba." Nikajaribu. Ikatoka pumzi tupu. "Mbona unaongea vizuri?" akauliza. Hapo nikamkumbuka nesi.

Njia ya miguu humpa mtu nafasi ya kufikiri. Niliona konda akining'inia mlangoni mwa daladala, nikakumbuka jambo nililowahi kusoma. Mwaka 1953, daktari Jeremy Morris na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na konda walikuwa ndani ya basi lile lile, lakini konda, aliyeshinda akipanda na kushuka ngazi, aliugua moyo mara chache kuliko dereva aliyekaa. Nikaitazama nyumba yangu kwa jicho hilo. Maji, soko, kufua, kufagia uwanja: mama watoto alikuwa konda miaka yote. Mimi nilikuwa dereva, na basi lenyewe ni kochi.

Siku ya nne tukakutana na nesi njiani. Alicheka mpaka akashika mti. Kisha akanifafanulia: moyo ukienda mbio, chembe nyeupe za damu zilizojibanza kwenye kuta za mishipa na kwenye wengu huingia kwenye mzunguko, kama ulinzi shirikishi ukisikia yowe. Limfu nayo haina moyo wake wa kuisukuma. Hutegemea misuli inayojikaza na pumzi inayoingia na kutoka. "Lakini usidhani umevaa koti la chuma," akaonya. "Mafua yapo. Kula, lala, na usijiue kwa kamba."

"Na tangawizi anayonichemshia mama watoto?"

"Kunywa. Mkeo atafurahi."

Jioni ile nikachukua kikokotoo, maana mhasibu haachi. Kwenda dakika 15, kurudi dakika 15, siku 5 za shule. 150 kamili. Nikarudia hesabu. Mama mkwe, ambaye hajawahi kuonana na nesi, alikuwa amenihukumu dozi ile ile.

Fundi aliahidi Ijumaa. Mafundi wana Ijumaa nyingi; ya kwetu ilikuwa ya nne. Mtoto amevaa sare mpya, amependeza. Kile kipande cha kamba amekirithi, anakiruka uani mara hamsini bila kugusa kuku.

"Haya, kifungo chako kimekwisha," mama watoto akaniambia.

Nikamkumbusha maneno ya hukumu: mpaka fundi amalize kazi. Na fundi hajamaliza. Nimempa kitambaa cha sare ya pili, ya akiba, endapo mbuzi atasikia njaa tena. Nikamwambia asiharakishe.