Uzio wa Bwawa na Hatia ya Chungu cha Maua

Katika jimbo la New South Wales, Australia, bwawa la kuogelea la nyumbani halitambuliwi kwa marumaru zake za buluu bali kwa kina chake, kwa kuwa sheria ya mwaka 1992 inahesabu kuwa bwawa chombo chochote cha kuogelea kinachoweza kujazwa maji kupita milimita 300, hata kama ni cha plastiki na hujazwa upepo kwa pampu ya mguu. Ndiyo maana mzazi aliyekinunua ili kuwatuliza watoto siku ya joto kali hujikuta anadaiwa uzio ambao gharama yake ingewanunulia mtaa mzima vya kwao.

Uzio huo haukukusudiwa mwizi, ambaye Dar es Salaam huandaliwa ukuta uliopachikwa vipande vya chupa, bali mtoto mdogo asiyejua kuogelea, naye kwa kukwea humshinda mwizi. Kwa hiyo kimo chake kisipungue milimita 1200, mwanya kati ya fito usizidi milimita 100, na kando yake pawe na ukanda usiokweleka, yaani nafasi ya milimita 900 isiyo na kitu cha kukanyagia. Hapo ndipo masaibu yanapoanza, kwani mwenye nyumba huona chungu cha maua pale ambapo mkaguzi huona ngazi. Kiti cha bustani, jiko la kuchomea nyama na tawi la mti wa jirani asiyeambilika vyote huingizwa kwenye orodha ya washukiwa, na uzio uliogharimu akiba ya miaka hushindwa mtihani kwa ajili ya waridi.

Lango nalo sharti lifungukie nje, kisha lijirudishe na kujikomea lenyewe popote litakapoachiwa. Mkaguzi hulisogeza kidogo tu, huliachia, na watu wazima husimama kimya wakilikodolea macho kama wanaongoja mwezi wa Idi kuandama. Lango lililojifunga bila kinyongo mwaka mzima huichagua siku hiyo kukwama upana wa kidole kabla ya komeo. Kulizuia kwa tofali, jambo linalomshawishi kila aliyebeba sinia kwa mikono miwili, ni kosa linaloweza kuleta faini.

Lazima pia pawe na bango linaloeleza namna ya kumpulizia pumzi na kumkandamiza kifua aliyezama, nalo lisomeke kutoka mita 3, sharti ambalo vichaka vya bustani havijapata kuliheshimu.

Tangu Aprili 2016, nyumba yenye bwawa ikiuzwa, mkataba kwa kawaida huambatanishwa na cheti cha kukidhi masharti au, kwa ukarimu usiotarajiwa, cheti cha kutokidhi, ambacho humwachia mnunuzi siku 90 za kurekebisha makosa ya mtangulizi wake, wakati bado anatafuta sanduku lenye vikombe.