Kikaango cha Vitumbua

Ijumaa iliyopita, baada ya sala ya alasiri, mbele ya majirani saba, mashemeji wawili waliokuja makusudi kunishuhudia nikishindwa, na watoto wasio na idadi waliojipanga juu ya ukuta mithili ya kunguru, nilifungua bahasha nene iliyotoka Uingereza, nikatoa gasketi ya shaba ambayo thamani yake ingeninunulia mbuzi watatu wa akika, nikaipangusa kwa kitambaa cheupe, na kwa adhama ya khatibu apandaye mimbari nikamkabidhi fundi ailaze juu ya injini ya Landrova yangu ya mwaka 1955. Fundi akailaza. Akaigeuza. Akaigeuza tena, safari hii taratibu, kama mtu aliyetumwa kupeleka habari ya msiba na hajui aanzie wapi. Kabla hajapata pa kuanzia, kitoto kimoja cha pale ukutani, ambacho umri wake haujatimia kutumwa dukani peke yake, kikasema kwa sauti iliyofika hadi msikitini: "Babu, mbona matundu hayalingani?"

Ili msomaji anihurumie ipasavyo, hana budi kujua gasketi ni kitu gani. Kati ya bloku, ambamo pistoni hupanda na kushuka, na kichwa cha injini kinachoifunika, hulazwa kipande chembamba kama mkate wa ufuta uliopondwa, nacho kimepewa kazi ambayo hata kadhi angeomba udhuru: kuwaweka nyumba moja mahasimu watatu, moto, maji na mafuta, kila mmoja apite mlango wake, wasionane kamwe. Wakionana, ndipo umwonapo mwenye gari amekaa kando ya barabara akitazama mvuke. Na injini hii ya Rover ina tabia zake peke yake, kwani valvu za kuingizia hewa zimekaa juu kichwani, za kutolea moshi zimekaa chini ubavuni mwa bloku, uso wa bloku umekatwa mshazari, na pistoni zina vichwa vilivyochongoka kama mapaa ya nyumba. Hata mtu aliyezoea injini nyingine, akiifunua hii kwa mara ya kwanza, hudhani imepata ajali.

Basi gari la Landrova lilipodhihirishwa kwa ulimwengu mjini Amsterdam mwaka 1948, likiwa na mwili wa aluminiamu kwa sababu chuma cha pua baada ya vita kiligawiwa kwa kibali, injini yake ilikuwa na ujazo wa sentimeta za ujazo 1595 tu. Watengenezaji wake wakaona haitoshi. Miaka michache baadaye wakazitanua silinda hadi ujazo ukafika 1997, na kwa kuwa nafasi ndani ya chuma ilikuwa ileile, silinda ya kwanza ikagandana na ya pili, ya tatu na ya nne, pasiwe na tone la maji baina yao. Waingereza wakaziita kwa jina la wale pacha mashuhuri wa Siam waliozaliwa wameungana. Kisha, mwaka 1954, wakajuta, wakalisubu bloku upya, wakapitisha maji kati ya kila silinda na jirani yake. Lakini tazama hila yao! Ujazo wakauacha 1997, upana wa silinda milimita 77.8, mwendo wa pistoni milimita 105, kila hesabu vilevile, hata anayesoma waraka asiweze kutofautisha pacha walioungana na ndugu waliotengana. Gasketi peke yake ndiyo ijuayo.

Mimi ni msomaji wa waraka. Kadi ya gari imeandika 1955, nami nikatoa hukumu, bila kumwuliza mtu na bila kufunua kichwa kwanza, kwamba injini yangu ni ya ndugu waliotengana. Miezi minne nikaingoja gasketi. Ilipofika bandarini, afisa mmoja kijana wa idara ambayo kwa jamala sitaitaja aliiinua juu ya mwanga, akayatazama yale matundu manne makubwa ya duara, akaniuliza kwa heshima, "Mzee, hiki ni kikaango cha vitumbua?" Laiti ningesema naam. Badala yake nikampa darsa la nusu saa juu ya moto, maji na mafuta, naye kwa kulipa wema huo akaandika kwamba mzigo una utata na uchunguzwe, ukachunguzwa siku kumi na nne, na kila siku ikatozwa ada ya ghala.

Yaliyotangulia hayo hayana haja ya wino mwingi. Pale mtaani Gerezani niliuziwa pampu ya maji ya injini iliyokuja baadaye. Spana zangu zote hazikushika nati hata moja, kwani zile za kizamani hupimwa kwa unene wa bolti, si kwa upana wa kichwa chake. Mnunuzi wa vyuma chakavu alisimama langoni akalipima gari kwa jicho, akataja bei kwa kilo.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja aliyekuwa fundi katika karakana ya serikali, niliyeletewa Jumamosi kwa huruma ya majirani. Hakuuliza kadi. Aliingiza kidole baina ya silinda ya kwanza na ya pili, akapapasa kama mkunga, akasema, "Hawa pacha." Akanieleza kwamba ile miaka ya mwisho ya sabini na mwanzo wa themanini, fedha za kigeni zilipoadimika na vipuri vikawa ndoto, walikuwa kila wiki wakitoa injini ya gari lililokufa na kuitia katika lililo hai, na bila shaka langu ni miongoni mwa hayo. Nikaghadhibika. Nikamwuliza ni kwa nini basi hawakuandika hata neno moja katika kadi, watu wakahadaika mpaka leo. Akanitazama kwa utulivu akasema, "Nani angenipa kalamu, bwana wangu?"

Nimekaa na jawabu hilo, na kicheko kimenikauka. Mtu huyu na wenzake waliyaendesha magari ya nchi nzima kwa vyuma vya maiti, wakaitwa vibarua tangu asubuhi ya kwanza hadi ya mwisho, wakaondoka bila shahada wala kiinua mgongo, na elimu yao yote imo katika vidole vinavyoanza kutetemeka. Mimi nilituma fedha ng'ambo kuinunua elimu ambayo ilikuwa imekaa barazani mitaa miwili kutoka kwangu, ikicheza bao.

Asema tusiagize tena. Ataikata gasketi kwa mkono wake, maadamu nimpatie bamba la shaba nyekundu lenye urefu wa mkono, lisilo na ufa. Atalitia motoni hadi liwe jekundu, kisha alitose katika maji, nalo, kinyume na chuma cha pua kinachozidi ugumu kwa kutoswa, litalainika kama ngozi. Nimelitafuta bamba hilo mji mzima. Ninalolijua ni moja tu, nalo ni sinia la mke wangu, alilorithi kwa bibi yake, lenye urefu barabara kabisa. Sikutamka neno. Nililitazama tu, mara moja, wakati wa chakula cha usiku. Tangu Jumapili sinia halionekani, na ufunguo wa sanduku kubwa umehamia shingoni mwake.