Barua ya Wazi kwa Mganga Mfawidhi

Kwa Mganga Mfawidhi,
Hospitali ya Wilaya,
Wilaya Unayoijua.

YAH: OMBI LA KULIPWA KWA NOTI ZA UZOEFU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza pokea pongezi zangu kwa makusanyo ya robo mwaka iliyopita. Uliyasoma kwenye kikao cha asubuhi kwa sauti ya mtu aliyeshinda uchaguzi, na mimi nilipiga makofi kuliko wote. Nilikuwa na haki ya kushangilia, maana makusanyo hayo yamepitia mikononi mwangu. Mgonjwa akifika mapokezi hupewa namba ya malipo, hulipia kumwona daktari, kisha huelekezwa chumbani kwangu. Daktari aliyelipiwa ndiye mimi. Risiti hubaki kwa mgonjwa, fedha huingia kwenye akaunti ya hospitali, na mimi huambulia uzoefu.

Nimekuwa nikiuliza habari ya malipo, nawe hujachoka kunijibu kwa upole ule ule: "Vumilia binti yangu, unapata uzoefu." Mkuu, mtu wa cheo chako hawezi kuwa anamlaghai binti yake. Kwa hiyo nimelichukua jibu lako kama lilivyo, nikakaa chini nikapiga hesabu.

Stashahada ya utabibu ni miaka mitatu. Ada ya chuo changu, ambacho ni cha binafsi, ilikuwa milioni moja na laki sita kwa mwaka. Ongeza hosteli, chakula, sare, koti jeupe, stethoskopu, mashine ya presha na mtihani wa wizara. Ongeza pia ile fedha ya kwenda kujifunza kwa vitendo hospitalini, yaani tulilipa ili turuhusiwe kufanya kazi. Ukilitazama hilo vizuri, nimepanda cheo: siku hizi nafanya bure. Jumla ilifika milioni tisa na ushee, na kiwanja cha mama kikaenda nayo. Fomu ya kujiunga ilikuwa na ahadi nyingi nzuri juu ya soko la ajira, na chini kabisa sentensi moja fupi: ada ikishalipwa hairejeshwi. Katika fomu nzima, hiyo ndiyo pekee iliyotimia.

Mjomba, ambaye hakupita chuo chochote, aliitazama milioni tisa akasema, "Hizo ni bodaboda tatu." Boda moja ikileta hesabu ya elfu nane kwa siku, tatu ni elfu ishirini na nne. Kwa siku ishirini na sita za mwezi unapata laki sita na ishirini na nne. Hata ukitoa matengenezo, faini na uongo wa madereva, miaka miwili haiishi mtaji umerudi. Sasa tuje kwangu. Mwezi ambao makusanyo yamekaa vizuri, hospitali hunipa nauli ya elfu hamsini, nayo hutiwa sahihi kwenye kitabu chenye kichwa "Motisha". Tuseme ingetoka kila mwezi bila kukosa. Mama angerudishiwa kiwanja chake baada ya miaka 15, kwa masharti kwamba katika miaka hiyo nisile, nisipange chumba, na hiyo nauli yenyewe nisiipandie gari.

Usidhani sifuatilii mambo ya nchi. Mei Mosi ya mwaka 2025, Rais alipotangaza kule Singida kwamba kima cha chini cha mshahara serikalini kinapanda kutoka Sh 370,000 hadi Sh 500,000 kuanzia Julai, niliruka juu pamoja na watumishi wengine wodini. Nyongeza ya asilimia 35.1! Nilipotua chini nikakumbuka kwamba asilimia 35.1 ya sifuri bado ni sifuri. Wadogo zangu nao siku hizi wanakopeshwa na Bodi ya Mikopo hata kwa stashahada, na marejesho ni asilimia 15 ya mshahara. Nimekutana nao. Wanasubiri kwa hamu siku ya kukatwa.

Lingekuwa jambo la kueleweka kama wagonjwa wangeisha. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ule wa 2007 hadi 2017, ulikusudia zahanati kwa kila kijiji na kituo cha afya kwa kila kata. Majengo yakainuka, yakapakwa rangi, yakakatiwa utepe. Zahanati hizo zilikusudiwa kuendeshwa na watu wa kada yangu. Leo kuna mama anayetembea na mtoto mwenye degedege kwa sababu zahanati ya kijijini kwao haina tabibu, na anapofika kwako anahudumiwa na tabibu asiye na ajira. Mkuu, nimejaribu kulielewa jambo hili kwa elimu yote niliyoilipia, nimeshindwa.

Na kuna usiku ule wa sindano. Unaukumbuka? Nilikuwa zamu peke yangu, mgonjwa akakurupuka, sindano ikanichoma kidoleni. Nikaanzishiwa dawa za kinga za siku 28, zile zinazokupa kichefuchefu ukiwa bado unatakiwa kumtibu mwenye kichefuchefu. Nikapewa fomu ya taarifa ya ajali kazini. Sehemu ya kwanza ilidai cheki namba, ile ya mtumishi aliyeajiriwa. Sina. Karani akaitazama fomu, akanitazama mimi, akasema bila ubaya wowote kwamba kwa mujibu wa taratibu ajali hiyo haijatokea, kwa kuwa mtu mwenyewe hayupo. Damu ilikuwa yangu, Mkuu. Hofu ya mwezi mzima ilikuwa yangu. Ningeambukizwa, mngesema marehemu alikuwa na moyo wa kujitolea, mkachangishana elfu mbili mbili za maziko, na Jumatatu mkampokea mwingine chumba kile kile.

Naomba radhi. Nimepandisha sauti mbele ya mkubwa. Tuendelee.

Huwa unatukumbusha kwamba kazi yetu ni wito. Wahenga walisema kataa neno, usikatae wito, nami nimewatii: wito nimeuitikia kila zamu, hata ya Krismasi na Idi. Ninalolikataa ni neno, na neno lenyewe ni "vumilia".

Ndipo lije ombi langu. Kwa kuwa uzoefu ni malipo, naomba uiandikie Benki Kuu ili ichapishe Noti za Uzoefu, zipokelewe kote nchini kwa malipo halali. Nimekusaidia kuzibuni. Zitakuwa za aina tatu: ya Mwezi, ya Robo Mwaka na ya Mwaka. Mbele iwepo picha ya tabibu wa kujitolea saa kumi alfajiri, ameegemea ukuta, macho yamefumba lakini bado anaandika dozi ya dawa mseto. Mahali pa sahihi ya Gavana iwe sahihi yako, na juu yake muhuri wa zambarau uliokaa upande kama kawaida. Alama ya usalama iwe ile inayoonekana noti ikiinuliwa kwenye mwanga: cheki namba. Ukiishusha, inapotea.

Nimefikiria hata suala la chenji. Nikimpa mama wa gengeni Noti ya Mwezi kwa fungu la nyanya, atanirudishia siku ishirini na nane za uzoefu wake wa kuuza nyanya, nami nitazitunza maana huenda nikazihitaji. Konda wa daladala atanirudishia uzoefu wa kuning'inia mlangoni. Mwenye nyumba atapokea Noti ya Robo Mwaka, na nikichelewa kumpa, atanipa yeye uzoefu wa kutolewa vyombo nje. Umeme tutanunua kwa zamu za usiku, uniti moja kwa saa moja ya kukesha. Hatari ninayoiona ni mfumuko wa bei, kwa sababu kila mwaka vyuo vinamwaga maelfu ya wahitimu na kila mmoja atazalisha noti zake bila kikomo. Ili kulinda thamani, nashauri noti za kwanza walipwe wakubwa. Anza na mshahara wako wa mwezi ujao. Utatueleza dukani wanazipokeaje.

Maombi mengine ni madogo. Baada ya usaili niliambiwa nimefaulu ila nafasi zimejaa, hivyo jina langu limehifadhiwa kwenye kanzidata. Naomba kujua kanzidata hiyo iko mkoa gani, niende kulisalimia. Naomba unisaidie kukidai chuo kinirudishie rimu mbili za karatasi, ndoo na fagio nilivyodaiwa nilipojiunga, kwa kuwa sivioni kwenye matokeo yangu. Naomba pia waajiri wanaotaka mhitimu mpya mwenye uzoefu wa miaka miwili watuoneshe mmoja, hata kwa picha.

Ikiwa Benki Kuu itasita, sitakuwa mkaidi. Nitapokea zile noti zao za zamani zenye tembo, na mwezi wenye makusanyo mabaya hata zenye simba. Kiasi cha kuanzia tunaweza kukikadiria kwa urahisi: chukua anacholipia mgonjwa kumwona daktari, hesabu wagonjwa waliotoka chumbani kwangu, kisha unipe sehemu yoyote ambayo hutaona haya kuitamka mbele ya mama yangu. Kazi inayostahili kutolewa risiti inastahili kulipwa anayeifanya.

Zamu ya leo usiku nitaingia kama ilivyopangwa. Wagonjwa hawana kosa. Ila orodha ya zamu za mwezi ujao usiniandike kabla hujanijibu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Afisa Tabibu (wa kujitolea)

Nakala:
Mama – kwa taarifa.
Mjomba – akubali kwamba alikuwa sahihi, lakini asiseme kwa sauti.
Mwenye nyumba – aone kwamba suala lake linashughulikiwa.