Dubu Hasubiri Uunganishe

Kadiri bunduki hii inavyopunguzwa ndivyo bei yake inavyopanda. Mtutu ukikatwa, ongeza pesa. Ikigawanywa vipande viwili, ongeza tena. Hapa Anchorage, Alaska, muuzaji aliniwekea nusu ya bunduki mkono huu na nusu ya pili mkono ule, akataja bei inayolingana na kodi yangu ya nyumba ya miezi miwili, kisha akanikumbusha kwa uchangamfu kwamba risasi zinauzwa kando.

Ni bunduki ya mtindo wa makauboi wa sinema. Chini ya kifyatulio kuna mkono wa chuma. Unausukuma chini, unaurudisha, ganda linaruka nje na risasi mpya inaingia. Risasi yenyewe huitwa .45-70, na jeshi la Marekani liliipokea mwaka 1873. Kichwa chake cha asili kina uzito wa gramu 26 hivi, wakati kile cha bunduki ya M16 hakizidi gramu 4 au 5. Mtutu ukiwa chini ya inchi 16, sheria ya Marekani inataka bunduki isajiliwe kwa serikali kuu kwa utaratibu wa pekee, kwa hiyo watengenezaji huacha inchi 16 na ushei. Huo ushei kazi yake pekee ni kuiogopa serikali.

Vipande viwili navyo ni kwa ajili ya ndege. Sehemu kubwa ya Alaska haina barabara, na rubani wa ndege ndogo hutaka silaha inayoingia nyuma ya kiti. Wazo si geni. Winchester waliuza bunduki za kutenganishwa tangu mwishoni mwa karne ya 19. Karakana ya Wild West Guns ya hapahapa Anchorage iliipa yake jina la Co-Pilot, yaani rubani msaidizi, ingawa sijawahi kusikia rubani msaidizi anayekunjwa na kutiwa mfukoni.

Haja yangu ilitokana na mwaliko. Wenzangu wa kazini, tunaopakia mizigo pamoja uwanja wa ndege, walipanga kwenda kuvua salmoni ng'ambo ya Cook Inlet, kwa ndege ya kutua majini kutoka ziwa Hood. Salmoni wakipanda mto, dubu wa kahawia naye hushuka mtoni, na dume la pwani huweza kupita kilo 400. Walinieleza hayo kwa sauti ya mtu anayekutajia hali ya hewa.

Nilimweleza mke wangu ubora wa bunduki hiyo jioni nzima. Alisikiliza huku akichambua mchele, kisha akauliza:

"Baba Zawadi, hivyo vipande viwili vinakaa kwenye mkoba?"

"Ndiyo."

"Na dubu akitokea?"

"Naviunganisha. Ni kuzungusha tu."

"Na yeye anasubiri?"

Nikampigia mama yangu Voi, nikitumaini mtu aliyeishi jirani na Tsavo maisha yake yote angenielewa. Aliuliza kama nimeajiriwa polisi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na nyumbani bunduki ni ya askari, ya mhifadhi wa wanyamapori au ya jambazi; raia wa kawaida hana safu yake. "Sisi ndovu wakiingia shambani tunapiga mabati," alisema. "Chukua bati."

Nikamkumbusha kwamba Theodore Roosevelt, baada ya kumaliza urais, aliteremka Mombasa Aprili 1909 na Winchester ya 1895, ya kukoki kwa mkono huohuo wa chini, akapanda treni iliyopita kwetu Voi kwenda kuwinda simba. Mama akajibu kwamba huyo alikuwa na watu wa kumbebea. Ni kweli, alikuwa na wapagazi kwa mamia. Mimi nina mgongo, tena wenye kesi yake.

Mwenzangu mmoja anayo ya aina hiyo, isiyotenganishwa, akanipeleka uwanja wa shabaha niionje. Hesabu ya mambo haya haina huruma: risasi nzito ikienda mbele, bunduki nyepesi inarudi nyuma, na nyuma ndiko nilikokuwa. Kofia iliondoka. Miwani ilibaki, lakini kwenye paji la uso. Karatasi yangu ya shabaha haikuguswa. Ya jirani ilikuwa na tundu la kupitisha kidole, na mwenyewe, mzee mpole, alinishukuru kwa mchango wangu. Mwenzangu akasema yake ina mtutu mrefu na uzito wa kutosha, kwa hiyo ile fupi ya kutenganishwa ingenipiga zaidi. Usiku huo mke wangu alinichua bega kwa nguvu ya mtu anayetoa hoja.

Fomu ya serikali ya kununulia, namba 4473, niliisoma kwa makini kuliko cheti changu cha ndoa. Inauliza, miongoni mwa mengine, kama wewe ni mtoro anayekimbia sheria. Ningependa kukutana na mtoro aliyetia alama kwenye "ndiyo".

Kisha kuna dawa ya pilipili ya kupulizia dubu, ambayo bei yake ni ya mlo wa watu wawili hotelini. Mwaka 2008 watafiti wakiongozwa na Tom Smith walichapisha uchunguzi wa visa vya Alaska: dhidi ya dubu wa kahawia, dawa hiyo ilifanya kazi zaidi ya mara 9 kati ya 10. Tena haihitaji shabaha nzuri, sifa ambayo kwangu ilikuwa na uzito. Nikanunua mkebe. Binamu yangu aliyetutembelea kutoka Mombasa aliukuta mlangoni, akadhani ni dawa ya mbu, akajipulizia miguu yote miwili. Alimaliza jioni hiyo miguu ikiwa ndani ya beseni, akiwaita marehemu wa ukoo mmoja mmoja.

Wala hofu yake ya mbu si ya kuchekwa. Sheria ya Alaska iliwahi kuorodhesha vitu vya dharura ambavyo ndege ilipaswa kubeba: chakula cha wiki nzima kwa kila abiria, shoka, kisu, ndoana, na wavu wa kichwa wa kuzuia mbu kwa kila mtu. Mwanzoni bunduki nayo ilikuwamo kwenye orodha hiyo. Baadaye ilitolewa, mbu wakabaki.

Safari ikawadia nikiwa na mkebe tu, ambao rubani aliupokonya na kuufungia ndani ya boya la ndege, usije ukavuja tukiwa angani. Kando yangu aliketi mama mzazi wa msimamizi wetu, mwalimu mstaafu, amepakata mkoba wa kufumia. Tulipotua aliufungua, akatoa nusu ya bunduki, akatoa nusu ya pili, akaziunganisha huku akitafuta miwani yake. Ilikuwa ileile, mtutu mfupi na yote. Nikamuuliza kwa heshima zote kama kuna nafasi ya kupiga hema karibu na lake. Akasema wenzangu wote wamekwisha kuniwahi, ila rubani bado hajaamua.