Jinsi ya Kwenda Kazini kwa Baiskeli Dar es Salaam Bila Kuikatia Tamaa Nchi

Mwongozo huu ni wa mtu anayeamka alfajiri Tabata, Mbagala, Kimara au Vingunguti, akafuta vumbi kwenye siti, akakunja mguu mmoja wa suruali usinaswe na cheni, kisha akaingia barabarani kutafuta riziki. Fundi, mlinzi, karani, muuza mkate, mwanafunzi: wote wamo. Lengo la mwongozo ni mambo mawili: ufike mzima, na ufike ukiwa bado raia. Watu wengi huyatenganisha. Mimi nasema ni jambo moja, na nitalieleza hatua kwa hatua.

Vifaa vinavyohitajika: baiskeli moja, breki mbili zinazoshika, kengele, taa ya mbele na ya nyuma, kofia ngumu, kitambaa cha jasho, daftari dogo, kalamu, namba ya simu ya mtendaji wa mtaa wako, na subira ya kiasi. Subira ikizidi kiasi ndipo mashimo yanapozaliana.

Hatua ya 1: Kagua breki kabla ya kumkagua waziri

Bonyeza matairi. Vuta breki zote mbili. Tazama cheni. Kisha jikague mwenyewe. Je, utakaa kushoto? Utasimama taa ikiwa nyekundu, hata kama bodaboda watatu wamekupita wakicheka? Utamwachia bibi mwenye ndoo avuke kwenye kivuko cha pundamilia bila kumpigia kengele kama unayemfukuza kuku? Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haikuandikwa kwa ajili ya wenye injini peke yao.

Njia ya mwendokasi waachie mabasi, hata ikiwa tupu na nyeusi inang'aa na inakuita kwa jina. Usipite upande usio wako eti unakwenda hapo mbele tu. Wengi wetu tumesimamishwa juani kupisha msafara wa mkubwa, tukamlaani kwa kuiona barabara ni yake. Mwendesha baiskeli anayemtimua mtoto kwenye pundamilia ana fikra ileile, isipokuwa hana ving'ora. Anayetaka viongozi wanaotii sheria aanze kuitii kwenye mita chache za lami alizopewa asubuhi hiyo.

Hatua ya 2: Isome barabara

Aliye ndani ya shangingi lenye vioo vyeusi huiona barabara kwa kasi. Sisi tunaiona sentimita kwa sentimita, na ndiyo maana ushahidi wetu ni mzito. Tunajua mfuniko wa mtaro ulioibwa, karavati lililoziba, na mahali ambapo bega la barabara linakwisha ghafla na kutuacha ubavuni mwa lori la mchanga. Tunajua kwamba mvua za masika zikikaza, Mto Msimbazi utafurika pale Jangwani, barabara itafungwa, na mji utakatika vipande viwili.

Barabara ya Morogoro inafundisha vizuri. Awamu ya kwanza ya mwendokasi, yenye urefu wa karibu kilomita 21, ilianza kazi mwaka 2016 kutoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi yake ya Morocco na Gerezani. Michoro yake iliwakumbuka waenda kwa miguu na waendesha baiskeli, na Dar es Salaam ikatunukiwa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018. Pita leo uone: hapa meza ya matunda, pale bodaboda zimepangwa zikisubiri abiria, mbele gari limeegeshwa juu ya njia yako. Usimchukie machinga. Naye alisahauliwa kwenye mchoro, akajipa nafasi pale alipoiona. Mpishe, msalimie, kisha uulize ni nani aliyepanga mji wenye wafanyabiashara wengi hivi bila kuwapa mahali pa kuuzia.

Kariri jambo hili unapopiga pedeli: kila upana wa barabara uliamuliwa mezani na mtu mwenye jina na cheo. Lori halikupewa nafasi na Mwenyezi Mungu, wala wewe hukunyimwa na hali ya hewa. Kilichoamuliwa na watu, watu wanaweza kukiamua upya.

Hatua ya 3: Jua shimo ni la nani

Hapa ndipo hasira nyingi hupotea njia. Mtu anaanguka kwenye shimo mbele ya nyumba yake, anamtukana Rais, anajipangusa, anaondoka. Shimo linabaki pale pale, limeshiba.

Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, wakala ulioanzishwa mwaka 2000. Barabara za wilaya, za mijini na vijijini, pamoja na nyingi za mitaani kwetu, ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017. Kabla ya hapo zilikuwa mikononi mwa halmashauri. Kwa hiyo shimo la Barabara ya Mandela na shimo la uchochoro wa kwenu, hata yakifanana kama mapacha, yana wazazi tofauti. Uliza kwa mtendaji, andika jina la mzazi kwenye daftari, na umpelekee mtoto wake.

Hatua ya 4: Andaa jibu kwa anayesema hulipii barabara

Utakutana naye, mara nyingi amefungua kioo cha gari. Mjibu kwa upole. Ni kweli Mfuko wa Barabara hujazwa zaidi na tozo ya mafuta. Lakini tozo hiyo imo ndani ya nauli ya daladala anayopanda mkeo, na ndani ya bei ya nyanya zilizokuja kwa lori. Kodi ya ongezeko la thamani umeilipa uliponunua sabuni. Hakuna Mtanzania anayekula na kuvaa ambaye hachangii barabara.

Kisha mwongeze la pili. Tangu majaribio makubwa yaliyofanyika Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950, wahandisi wamekuwa wakikadiria kuwa uharibifu wa lami hukua kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Uzito ukiongezeka mara mbili, uharibifu unakaribia mara 16. Baiskeli yako na wewe na begi lako la zana hamuigusi lami kiasi cha mhandisi kuhangaika. Wewe unalipa, wala huharibu. Ukimaliza, mtakie safari njema.

Hatua ya 5: Ipe hasira yako anwani

Hasira isiyo na anwani huishia kijiweni kwenye kahawa. Andika barua, na ifupishe. Taja mahali, kwa mfano mbele ya shule fulani, mkabala na kituo fulani. Taja tarehe na hatari iliyopo. Weka picha. Omba jambo moja tu: urudishwe ule mfuniko, au kichorwe kile kivuko cha pundamilia, au liwekwe tuta. Barua inayoomba mambo kumi humpa mkubwa nafasi ya kuahidi yote. Peleka nakala mbili na urudi na moja iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Usipojibiwa, una chombo ambacho wengi hatukitumii: Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Raia akiomba kwa maandishi taarifa iliyo mikononi mwa mamlaka ya umma, anapaswa kujibiwa ndani ya siku 30. Uliza barabara yenu imetengewa fedha kiasi gani mwaka huu na mkandarasi ni nani. Huhitaji kupaza sauti. Swali lenye tarehe na muhuri husumbua kuliko matusi ya mwaka mzima.

Hatua ya 6: Nenda mkutanoni hata ukiwa umechoka

Najua kwa nini watu wamechoka, na siwalaumu. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 2019 ulisusiwa na vyama kadhaa vya upinzani vilivyolalamikia wagombea wao kuenguliwa. Ule wa Novemba 27, 2024 ulikuwa na malalamiko hayohayo, na chama tawala kikatangazwa kushinda karibu mitaa yote. Uchaguzi mkuu wa Oktoba 29, 2025 uliambatana na vifo na intaneti kuzimwa. Mtu aliyezika nduguye haambiwi maneno matamu kuhusu ushiriki wa wananchi. Anastahili ukweli na haki, na madai hayo hayafutwi na tuta wala pundamilia.

Pamoja na hayo, kujitenga hakutulindi. Siasa ukiiacha yenyewe haikuachi: itakufuata kwenye nauli, kwenye bei ya tyubu, kwenye upana wa daraja unalovuka. Ibara ya 146 ya Katiba ya mwaka 1977 inasema serikali za mitaa zipo ili madaraka yapelekwe kwa wananchi. Maneno hayo ni yetu, na njia mojawapo ya kuyadai ni kukalia kiti. Mkutano wa mtaa ni wa mkazi yeyote mtu mzima. Vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa umma. Nenda, keti mbele, sikiliza mapato na matumizi yakisomwa. Yasiposomwa, uliza kwa nini. Nenda na jirani mmoja, kisha wawili. Kiongozi aliyezoea kusomea viti vitupu hubadilika sauti akiona macho.

Ukinyoosha mkono, zungumzia barabara ya watu wote: mama mwenye mtoto mgongoni, mzee mwenye mkongojo, mtu wa guta, kijana wa kiti cha magurudumu. Ukidai nafasi ya baiskeli peke yake utaitwa mbinafsi, na watakaosema hivyo watakuwa na hoja.

Hatua ya 7: Mwalike diwani Juni 3

Juni 3 ni Siku ya Baiskeli Duniani, iliyotangazwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2018. Mpe mheshimiwa mwaliko rasmi, wenye heshima zote. Mwambie: tukutane saa moja asubuhi nyumbani kwangu, tuende wote hadi kazini kwangu. Msafara hautakuwepo, wala ving'ora. Baiskeli ataazimwa, yenye keria na kengele. Tutapita njia ninayopita mimi, si ile iliyofagiwa kwa ajili ya wageni. Tukifika tutakunywa chai kwa mama lishe, chapati juu yangu.

Naamini katika mwaliko huu kwa moyo wote. Kiongozi anaweza kusoma ripoti nzima asielewe kitu, lakini lori likimpita kwenye kiwiko ataelewa bila kutafsiriwa. Asipokuja, mwalike tena mwaka unaofuata, na mkutanoni sema kwa adabu kuwa mwaliko bado uko mezani.

Hatua ya 8: Usiende peke yako

Uholanzi, ambako leo baiskeli ni nyingi kuliko watu, haikuzaliwa na njia za baiskeli. Mwaka 1971 pekee watu wapatao 3,300 walikufa barabarani nchini humo, zaidi ya 400 wakiwa watoto. Wazazi waliingia mitaani, wakafunga barabara kwa miili na baiskeli zao, wakawalazimisha wanasiasa kuchora miji upya. Njia zinazosifiwa leo zilidaiwa kwanza na watu waliochoka kuzika.

Kwetu nako kuna mifano. Umoja wa Waendesha Baiskeli, UWABA, umewahi kuandaa misafara ya baiskeli Dar es Salaam kudai usalama. Shirika la Amend lilianza hapahapa mradi wa kulinda maeneo ya shule za msingi: matuta, vivuko, njia za miguu, alama za barabarani. Mwaka 2019 mradi huo ulipata tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya WRI. Haukujenga barabara ya juu hata moja. Ulijenga vitu vya kimo cha goti, na watoto wakavuka salama.

Hili si suala dogo linalosubiri mambo makubwa yaishe. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka duniani, na zaidi ya nusu ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wapanda pikipiki. Kwa watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29, ajali za barabarani ndiyo sababu inayoongoza ya vifo. Nchi inayoshindwa kumvusha mtoto barabarani haijaanza kuongozwa vizuri, hata ikijenga madaraja ya ghorofa tatu.

Kwa hiyo, ndugu mwendesha baiskeli, wiki hii fanya mambo matatu. Kaza breki zako. Tafuta jina la mwenye shimo la kwenu. Andika barua moja, uigongeshe muhuri. Kisha mkutano wa mtaa ukiitishwa, njoo na jirani yako mkae viti vya mbele.